Jonathan Swift

Jonathan Swift (Dublin, 30 Novemba 1667 – Dublin, 19 Oktoba 1745) alikuwa mwandishi na kasisi wa Kanisa Anglikana nchini Ayalandi. Anajulikana hasa kwa kitabu chake Safari za Gulliver (1726), ambacho kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 50 alisumbuliwa na maradhi ya sikio la ndani yaliyomletea kizunguzungu, kichefuchefu na uziwi. Katika enzi zake maradhi hayo hayakuwa na jina, na hilo lilichangia sana imani iliyoenea baada ya kifo chake kwamba alikuwa mwendawazimu tangu zamani.

Maisha

Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, akasomeshwa na baba yake mkubwa. Baada ya Trinity College, Dublin, alikwenda Uingereza mwaka 1689 kuwa katibu wa Sir William Temple, mwanadiplomasia mstaafu. Alipata upadri mwaka 1695. Mwaka 1713 aliteuliwa kuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin, cheo alichobaki nacho hadi kufa. Mwaka 1724 aliandika barua za kupinga sarafu za shaba ambazo serikali ya London ilitaka kuwaletea Waayalandi. Mpango huo ulifutwa, naye akawa shujaa wa watu wa Dublin.

Ugonjwa

Kizunguzungu kilimwanza akiwa kijana nyumbani kwa Temple. Yeye mwenyewe aliamini kwamba chanzo chake ni kula matofaa mengi mno kwa mara moja. Uziwi ulipomjia miaka michache baadaye, aliuhesabu kuwa ugonjwa mwingine, uliotokana na kukaa kwenye baridi. Kosa hilo lilikuwa la kawaida, kwa kuwa madaktari wa wakati ule nao walidhani kizunguzungu hutoka tumboni au kwenye ubongo. Mwaka 1690 walimshauri arudi Ayalandi, wakitumaini kwamba hewa ya kwao ingemponya. Haikumponya.

Maradhi yalikuja na kuondoka. Aliweza kukaa muda mrefu akiwa mzima, kisha ghafla akaona kila kitu kinazunguka, huku sikio, hasa la kushoto, likivuma na kuziba. Katika barua alizomwandikia rafiki yake Esther Johnson kati ya 1710 na 1713 alitaja mara kwa mara siku alizoshikwa na hali hiyo na dawa alizomeza. Rafiki yake John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne, alimwandikia dawa. Swift alijinyima matunda, ingawa aliyapenda sana, na alishikilia mazoezi maisha yake yote: alitembea, alipanda farasi, na mvua ilipomzuia kutoka alipanda na kushuka ngazi za nyumba yake.

Uziwi ndio uliomtenga zaidi na watu. Mwaka 1727 alikuwa mgeni wa mshairi Alexander Pope karibu na London. Sauti ya Pope ilikuwa dhaifu na masikio ya Swift yalikuwa yameziba, hivyo mazungumzo yakawa magumu. Swift akaondoka, na mwaka uleule akarudi Ayalandi. Hakuiona tena Uingereza.

Miaka ya mwisho

Uzeeni kumbukumbu ilimpotea, na mwaka 1742 tume ilitamka kwamba hana tena uwezo wa kusimamia mambo yake. Alikufa miaka mitatu baadaye. Sehemu kubwa ya mali yake aliiacha kwa ajili ya kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Dublin. Ilifunguliwa mwaka 1757 na ingali ikifanya kazi.

Ugonjwa wapata jina

Mwaka 1849 William Wilde, daktari wa macho na masikio wa Dublin na baba wa mwandishi Oscar Wilde, alichapisha kitabu cha kupinga madai ya wazimu. Alitofautisha udhaifu wa uzeeni na kizunguzungu cha miaka mingi. Hata hivyo hakuweza kukieleza kizunguzungu chenyewe, kwa sababu ni mwaka 1861 tu Prosper Ménière wa Paris alipoonyesha kwamba kizunguzungu cha namna hiyo kinaweza kutoka katika sikio la ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 daktari Mwingereza John Charles Bucknill aliziunganisha dalili alizoziandika Swift akasema ni ugonjwa wa Ménière. Wataalamu wengi wamekubali.

Sikio la ndani lina sehemu ya kusikia na sehemu ya kuweka mwili sawa, nazo zinatumia majimaji yaleyale. Kwa mgonjwa wa Ménière majimaji hayo huzidi, na ndiyo maana uziwi na kizunguzungu, alivyovitenganisha Swift, huja pamoja. Shambulio huchukua kati ya dakika 20 na saa kadhaa, na usikivu huweza kupungua mwaka hadi mwaka. Hadi leo hakuna dawa ya kuuondoa kabisa. Wagonjwa hushauriwa kupunguza chumvi, hupewa dawa za kuzuia kichefuchefu na za kuongeza mkojo, na hufundishwa mazoezi ya kurudisha uthabiti wa mwili. Matunda hawakatazwi.