Edward Appleton na Tuta Lililo Juu ya Dodoma

Wengi tunajua kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, Scotland, kuanzia 1949 hadi 1952. Wachache wanajua mkuu wa chuo kile alikuwa nani. Alikuwa Sir Edward Appleton, mwanafizikia, aliyeingia ofisini mwaka uleule Mwalimu alipofika. Sitadai kwamba walikunywa chai pamoja. Ninachosema ni kwamba mzee huyu alielezea kitu ambacho kinatokea juu ya vichwa vyetu hapa Dodoma karibu kila siku, na kama kuna mtu chuoni anayetaka kuanza redio ya ridhaa kwenye bendi ya mita sita, amfahamu Appleton kwanza, ndipo aulize bei ya redio.

Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1892 huko Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa ghala. Yaani hakuzaliwa kwenye maktaba. Darasani lakini alikuwa moto, na akaingia Cambridge kusoma sayansi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta akiwa kijana. Akaenda jeshini, akapelekwa kwa wahandisi, na huko akazoeana na mitambo ya redio. Aliporudi Cambridge, maabara ilikuwa chini ya Rutherford na watu walikuwa wanachimba ndani ya atomu. Yeye akaamua kuangalia juu.

Swali lilikuwa hili. Mwaka 1901 Marconi alipokea ishara ya redio kutoka ng'ambo ya Atlantiki, wakati dunia ni mviringo na mawimbi ya redio husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwaka uliofuata Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mtu kivyake, wakasema huenda kuna tabaka angani linalopitisha umeme, nalo ndilo linaloyarudisha mawimbi chini. Wazo zuri, ila zaidi ya miaka 20 ilipita bila mtu kulipima tabaka lenyewe.

Mwaka 1924 Appleton, sasa profesa wa King's College London akiwa na miaka 32, alilipima. Hakuwa na mtambo mkubwa wa kwake. BBC ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, ina kituo Bournemouth, na usiku vipindi vikiisha mtambo unakaa bure. Akaomba autumie. Usiku wa tarehe 11 Desemba yeye na mwanafunzi wake, Miles Barnett kutoka New Zealand, walikuwa Oxford na kipokezi chao huku kituo kikibadilisha urefu wa wimbi polepole.

Fikiria watu wawili wanatoka sehemu moja kuja kwako, mmoja kanyoosha njia, mwingine kazunguka mlima. Wakifika wakiwa wanapiga mguu uleule, unasikia kishindo. Wakifika mmoja anainua na mwingine anakanyaga, kishindo kinapotea. Ndivyo ilivyo kwa wimbi lililopita ardhini na lile lililopanda angani likarudi. Ukibadilisha urefu wa wimbi, sauti inapanda na kushuka, na ukihesabu mara ngapi imepanda na kushuka, unajua yule wa pili alizunguka kiasi gani. Hesabu ikatoa karibu kilomita 90 hadi 100 kwenda juu. Kwa barabara, umbali huo haukufikishi hata Kondoa.

Mimi nasoma ualimu wa fizikia, na hii ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko Nobel yake. Sekondari nilichora matabaka ya hewa kwa penseli za rangi nikapewa vema yangu, basi, yakaisha. Hakuna aliyeniambia kwamba kilomita zile zilipatikana kwa kuhesabu sauti inayofifia, kwa mtambo wa kuazima.

Tabaka lile aliliita E. Muda mfupi baadaye, akipima alfajiri kabla jua halijachomoza, akakuta lingine juu zaidi, zaidi ya kilomita 200, kama safari ya Morogoro ila wima. Hilo akaliita F. Herufi za mwanzo aliziacha makusudi, endapo mtu angegundua matabaka mengine chini. Ndiyo maana tunaanza kusoma D, E, F na watu wanadhani kurasa zimechanika.

Vita vya Pili alivimaliza akiwa katibu wa idara ya serikali ya utafiti wa sayansi. Ofisi ile ingemmeza mtu mwingine. Yeye mwaka 1946 akalinganisha vipimo vya vituo vilivyotawanyika duniani na kukuta jambo la ajabu. Wote tungetegemea tabaka F liwe nene zaidi penye ikweta, maana jua liko utosini. Sivyo. Linalotawala pale ni ikweta ya sumaku ya dunia, na juu yake elektroni ni pungufu, halafu zinajazana pande mbili, nyuzi kama 15 kaskazini na 15 kusini. Baadaye ilieleweka kwamba mchana elektroni hunyanyuliwa juu ya ikweta hiyo kisha huteleza kufuata mistari ya sumaku, kama maji ya chemchemi yanavyoangukia pembeni. Yanabaki matuta mawili na mfereji katikati.

Sasa chukua ramani. Upande wetu wa Afrika, ikweta ya sumaku inapita Ethiopia. Shuka nyuzi 15 kusini, uko Tanzania ya kati. Tuta la kusini liko juu yetu!

Mwaka 1947 Appleton akapewa Nobel ya fizikia. Mwaka huohuo watu wa redio za ridhaa kwenye masafa ya megahezi 50, yaani mita sita, wakaanza kusikilizana kati ya Mexico na Argentina. Haikutegemewa. Kwa kawaida mawimbi ya masafa hayo yanatoboa tabaka F na kupotelea angani. Kumbe wimbi likilipiga tuta moja kwa pembe ndogo, linavuka hadi tuta la pili bila kugusa ardhi, ndipo linashuka. Kwa ukanda wetu, kushuka huko ni pande za Mediterania.

Appleton aliendelea kuongoza Edinburgh mpaka alipofariki tarehe 21 Aprili 1965. Anga lake halina haja ya kibali cha mtu, ila lina ratiba. Matuta hunenepa jua likiwa na madoa mengi, kama kila miaka 11. Kilele cha juzi kilikuwa karibu 2024, na sasa tunateremka. Kijacho kitanikuta nina miaka thelathini na ushee, pengine nasahihisha madaftari wilayani. Ndiyo maana nawasumbua sasa hivi.

Leseni inatolewa na TCRA, na alama za vituo vya Tanzania Bara huanza na 5H. Bila leseni usirushe, ila kusikiliza hakuhitaji redio kubwa. Kuna vidude vya kuchomeka kwenye laptopu vinavyofika megahezi 50, bumu moja linatosha na chenji ya ugali. Antena ni waya wa shaba wa mita 2.85, uliokatwa katikati na kulazwa mlalo. Kebo iwe ya omu 50, siyo ile ya king'amuzi ambayo ni 75. Vilima vya Chimwaga vinasaidia, upepo wetu hausaidii, hivyo funga nguzo sawasawa. Weka SSB, upande wa juu. Kwenye AM ya kawaida sauti hutumwa mara mbili na wimbi la kubeba linakula umeme bure. Mwaka 1915 John Carson wa Marekani aliona kwamba upande mmoja unatosha, kwa hiyo nguvu yote iende kwenye maneno.

Simama kwenye 50.110, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Anza alasiri, sauti zinapokuwa safi. Giza likiingia ishara zinaweza kuwa na nguvu zaidi lakini zinatetemeka, kama mtu anaongea mbele ya feni, na mara nyingi husikii neno. Hapo wenye kujua Morse ndio wanaoendelea.