Marie Brown: Muuguzi aliyeweka jicho mlangoni

NI vigumu siku hizi kupita katika mitaa ya Kisauni, Likoni au Changamwe bila kuona kijicho cheusi cha kamera kikikutazama kutoka juu ya lango la mtu. Vifaa ambavyo zamani vilikuwa vya benki, hoteli za ufuoni na maghala ya bandari ya Kilindini, sasa vimefika kwenye nyumba za kupangisha za Mtopanga, maduka ya Mtongwe na makazi ya Magongo.

Sababu haihitaji maelezo marefu. Kwa miaka mingi wakazi wa Kisauni na Likoni wamehangaishwa na magenge ya vijana wanaojihami kwa mapanga na visu. Mtu anayerudi kazini usiku, au anayemwacha mkewe na watoto nyumbani ili awahi zamu ya alfajiri, hutafuta chochote kitakachompa utulivu wa moyo.

Hata hivyo, wengi wanaonunua kamera hizo hawajui kwamba wazo la kuziweka katika nyumba ya mtu wa kawaida lilitokana na hofu kama hiyo hiyo. Lilizaliwa na mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, muuguzi kwa kazi yake, ambaye mara nyingi alijikuta peke yake nyumbani usiku. Jina lake ni Marie Van Brittan Brown, na maisha yake yana funzo kwa kila anayejiandaa kutoa pesa zake kununua mtambo wa ulinzi.

Ng'ambo ya maji

Marie alizaliwa Oktoba 30, 1922 katika mtaa wa Jamaica, eneo la Queens, jijini New York. Msomaji wa Mombasa hatapata taabu kulielewa eneo hilo. Kama vile Likoni, Kisauni na Changamwe zilivyo ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa, Queens nayo iko ng'ambo ya mto kutoka kisiwa cha Manhattan, ambako ndiko kwenye ofisi kubwa na pesa nyingi. Kila asubuhi maelfu ya wafanyakazi huvuka kwenda kisiwani, na jioni huvuka tena kurudi makwao.

Aliolewa na Albert Brown, fundi wa mitambo ya elektroniki, na wakajaliwa watoto wawili. Kazi zao wawili hazikuwa na saa maalum. Muuguzi hufanya kazi kwa zamu, na fundi naye huitwa wakati kifaa kinapoharibika. Kwa hivyo kulikuwa na usiku mwingi ambapo mmoja wao alikuwa nyumbani bila mwenzake.

Miaka ya 1960 haikuwa miaka mizuri jijini New York. Uhalifu uliongezeka, na wakazi wa mitaa ya watu weusi walilalamika kwamba polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mnamo Machi 13, 1964 msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa nje ya makazi yake huko Kew Gardens, si mbali na mtaa wa kina Marie. Kisa hicho kilitikisa jiji zima kwa sababu ilidaiwa kwamba majirani wengi walisikia mayowe wasifanye lolote. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba madai hayo yalitiwa chumvi, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Namba fupi ya dharura ya 911 ilianza kutumika New York mwaka 1968 pekee.

Katika hali hiyo, mtu anapobisha mlango usiku, aliye ndani ana njia mbili tu. Ama anyamaze na kuomba Mungu, au ausogelee mlango achungulie, na kwa kufanya hivyo ajiweke karibu na hatari. Marie hakuridhika na njia yoyote kati ya hizo.

Vitundu vinne

Aliketi na mumewe wakabuni njia ya tatu. Mlangoni waliweka vitundu vinne vya kuchungulia, kila kimoja kwa kimo chake, ili mgeni mrefu, mfupi au hata mtoto aweze kuonekana uso. Nyuma ya vitundu hivyo kulikuwa na kamera iliyopanda na kushuka, ikisimama penye kitundu kinachohitajika. Picha ilipelekwa kwenye runinga iliyoweza kuwekwa chumba cha kulala, mbali na mlango.

Kulikuwa pia na maikrofoni na vipaza sauti, hivyo aliye ndani aliweza kumuuliza mgeni ni nani na amekuja kwa shughuli gani bila kuinuka. Akiridhika, alibonyeza kitufe na kufuli ikafunguka. Akishuku, alibonyeza kingine na ishara ya hatari ikaenda kwa walinzi au polisi.

Kwa mtu wa Pwani, huu ulikuwa ustaarabu wetu wa hodi uliotiwa nyaya. Mgeni hubisha, hungoja, huulizwa nani, naye hujitambulisha kabla ya kukaribishwa. Marie alichofanya ni kumwezesha mwenye nyumba kuitikia hodi akiwa salama.

Kamera za kutazama kitu cha mbali hazikuwa ngeni wakati huo. Mwaka 1942 mhandisi Walter Bruch wa Ujerumani alitengeneza mtambo wa kuwawezesha wataalamu kutazama roketi za V-2 zikirushwa bila wao kuzikaribia. Lakini hiyo ilikuwa mali ya jeshi. Marie ndiye aliyeigeuza teknolojia hiyo ikamtumikia mtu wa nyumbani, na akataka iwe chini ya amri ya mwenye nyumba mwenyewe.

Yeye na mumewe waliwasilisha ombi la hataza Agosti 1, 1966. Walipewa hataza nambari 3,482,037 mnamo Desemba 2, 1969, na jina la Marie ndilo lililotangulia. Siku chache baadaye, gazeti la New York Times liliandika habari zao. Ili kupima ukubwa wa jambo hilo, tukumbuke kwamba kituo cha televisheni cha Sauti ya Kenya kilifunguliwa Mombasa mwaka 1970. Mwanamke huyu alikuwa akipanga kumtazama mgeni wake katika runinga ya chumbani kabla ya Mombasa kuwa na kituo chake cha runinga.

Umaarufu uliochelewa

Mtambo huo haukuwatajirisha. Kamera na runinga za wakati huo zilikuwa kubwa na ghali, na uvumbuzi wao haukuenea madukani kama walivyotarajia. Marie aliendelea na maisha yake huko Queens, na bintiye akafuata nyayo zake kwa kuwa muuguzi na mvumbuzi. Alifariki Februari 2, 1999 akiwa na umri wa miaka 76, wakati ambapo watu wachache sana nje ya mtaa wake walilijua jina lake.

Lakini hataza yake haikufa. Wavumbuzi waliomfuata waliitaja katika hataza zao zaidi ya 30, na leo kengele ya mlangoni yenye kamera inayomwonyesha mgeni kwenye simu ya mkononi ni mjukuu halisi wa vile vitundu vinne.

Maswali ya kujiuliza

Je, maisha hayo yanamfaa nini mkazi wa Mshomoroni au Miritini anayetaka kununua kamera? Yanamfundisha kuanza na swali, si na bei. Marie alijiuliza anaogopa nini, saa ngapi, na angependa kufanya nini hatari ikifika. Wengi wetu huanza kwa kuuliza duka gani linauza kamera nne kwa bei nafuu.

Swali la kwanza ni uso. Vitundu vilikuwa vinne kwa sababu picha isiyoonyesha uso haina faida. Mafundi wetu hupenda kuzifunga kamera juu kabisa chini ya paa, na mwizi akija hurekodiwa kofia na mabega. Kamera moja ya langoni iliyo karibu na kimo cha mtu yaweza kufaa kuliko tatu zilizo juu ya paa.

La pili ni nani atakayeitikia. Kiini cha mtambo wa Marie kilikuwa kumpa aliye ndani nafasi ya kuamua kabla ya kufungua, na kuita msaada papo hapo. Kamera inayorekodi tu itakuonyesha kesho jinsi ulivyoibiwa jana. Anayeishi Likoni anajua kwamba msaada unaotegemea kuvuka kwa feri usiku huenda ukachelewa. Kwa hivyo king'ora kinachosikika na majirani, na makubaliano na majirani hao kwamba wakikisikia watatoka, ni sehemu ya mtambo kama ilivyo kamera yenyewe.

La tatu ni mazingira. Hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma na viungio vya nyaya. Kamera ya nje iwe na alama ya IP66 au IP67, inayoonyesha kwamba vumbi na maji hayapenyi kwa urahisi, na viungio vyake vifungwe ndani ya kisanduku. Stima nayo hukatika, na mwizi mjanja huikata yeye mwenyewe. Betri ya akiba ya kuendesha mtambo kwa saa chache si anasa.

La nne ni kumbukumbu. Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne zitajaza diski ya terabaiti moja kwa muda usiofika siku sita, kisha picha za zamani zianze kufutwa. Anayesafiri kwa wiki mbili na ajue hilo mapema. Kisanduku cha kurekodi kifichwe pia, kwani kikikaa sebuleni kando ya runinga, mwizi ataondoka nacho pamoja na ushahidi.

La tano ni nenosiri. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu ya kamera na vifaa vingine duniani ambavyo wenyewe hawakuwa wamebadilisha nenosiri la kiwandani, na ikavitumia kuvuruga huduma kubwa za intaneti. Kamera isiyobadilishwa nenosiri ni dirisha lililoachwa wazi. Mgeni asiyejulikana aweza kulitumia kuitazama familia yako.

Jicho la jirani

Limebaki jambo moja, nalo ni zito katika mitaa yetu iliyosongamana. Kamera ya Marie ilitazama mlango wake mwenyewe. Za kwetu mara nyingi hutazama uani kwa jirani, ambako kina mama hufua, hupika na kupumzika bila buibui wala mtandio. Mtu anaweza kukilinda kigodoro chake huku akimvunjia jirani yake heshima.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasamehe matumizi ya binafsi na ya nyumbani, lakini mwenye nyumba za kupangisha anayerekodi ujia na milango ya wapangaji wake hapaswi kudhani kwamba msamaha huo unamhusu yeye pia. Dawa ni rahisi: kamera igeuzwe, na jirani aambiwe kabla fundi hajapanda ngazi. Jirani huyo ndiye utakayemtegemea king'ora kitakapolia.

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Marie Van Brittan Brown aliishika hekima hiyo bila kuijua lugha yetu. Hakuwa tajiri, hakuwa mhandisi, wala hakungoja serikali imjengee kituo cha polisi mlangoni. Alikuwa mwanamke mwenye hofu ya kweli aliyekataa kuiacha hofu hiyo imtawale. Anayefunga kamera leo Kisauni, Likoni au Changamwe atakuwa amemuenzi ipasavyo iwapo, kama yeye, atajua anamlinda nani, kutokana na nini, na nani atakayekuja akimwita.