Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964): Lugha kama Njia ya Kufikia Uongozi

1.0 Utangulizi

Jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi huwafikia wasomi wa Kiswahili kwa njia mbili ambazo ni nadra kukutana. Katika taaluma ya ushairi anajulikana kama mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, ambacho kimekuwa kipimo kwa wanamapokeo na shabaha kwa wapinzani wao. Katika historia ya siasa anajulikana kama Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na baadaye Mbunge na Waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Wahakiki wa ushairi huutaja umeya wake kwa sentensi moja ya heshima, nao wanahistoria hukitaja kitabu chake vivyo hivyo. Kisha kila upande huendelea na shughuli zake.

Makala haya yanakusudia kuzisoma pande hizo mbili kama maisha ya mtu mmoja. Hoja inayotolewa ni kwamba Kiswahili hakikuwa pambo la siasa za Amri Abedi, bali kilikuwa ngazi aliyoipandia. Aidha, inadaiwa kwamba sheria alizowawekea watunzi haziwezi kupimwa kwa haki pasipo kuzingatia mahali alikotoka, yaani Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, mbali na Lamu, Mombasa na Pemba.

2.0 Mazingira ya Ujiji na Buha

Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mji huo umo katika nchi ya Waha, lakini kwa lugha na desturi ulikuwa umekwisha kutengana na sehemu kubwa ya nchi hiyo. Ukitoka ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, ardhi hupanda kuelekea nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Huko zilikuwako tawala za jadi kama vile Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja chini ya Mwami wake, na Kiha ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, ya shambani na ya barazani. Ufuoni hali ilikuwa nyingine. Biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa katika karne ya 19 ilikusanya hapo Waarabu, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Waha, na Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa. Watu wa asili mbalimbali namna hiyo walihitaji lugha moja ya sokoni na msikitini, nayo ikawa Kiswahili.

Utawala wa Wajerumani ulikitumia Kiswahili katika ofisi na shule zake, na mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, jirani na Ujiji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliendeleza matumizi hayo katika ngazi za chini za utawala. Kuanzia mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilisambaza maandishi ya Kiswahili sanifu hadi bara, na kurasa zake za mashairi zikawa uwanja ambamo karani wa Mwanza aliweza kujibizana na mwalimu wa Tanga bila kuonana naye.

Jambo moja katika mazingira haya lina uzito wa pekee. Ujiji ilikuwa na Kiswahili cha mazungumzo kilichokomaa, lakini haikuwa na hazina ya miswada ya tenzi kama ile ya Lamu na Pate. Kijana wa Pate aliweza kujifunza vina na mizani kwa kusikia tenzi zikighaniwa nyumbani, na hakuhitaji kuelezwa kanuni. Kijana wa bara alizisoma tungo gazetini, akaziona zimepangika, na ikambidi aulize zimepangwaje. Si ajabu basi kwamba Ujiji iliwatoa katika kizazi kimoja Amri Abedi na Saadani Abdu Kandoro, aliyezaliwa huko mwaka 1926, wote wawili washairi na wote wawili wanasiasa.

3.0 Elimu, Dini na Kazi ya Tafsiri

Amri Abedi alisoma Tabora, katika shule ya serikali ambayo pia ilimwelimisha Julius Nyerere. Njia ya kawaida ya mhitimu wa shule hiyo ilikuwa kuingia katika utumishi wa serikali. Yeye alijitolea katika kazi ya dini, akawa mhubiri wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, iliyokuwa imeanza kuhubiri Afrika Mashariki kwa nguvu katika miaka ya 1930 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Waislamu walio wengi katika Tanganyika ni Wasunni, na masheikh wao waliyapinga mafundisho ya Ahmadiyya waziwazi. Aliyejiunga na jumuiya hiyo alijitenga na watu wa msikiti aliokulia, na ilimlazimu kuitetea imani yake kwa hoja, kwa maandishi na kwa mihadhara ya hadharani.

Hapana budi kuona kwamba mabishano hayo yalikuwa shule ya lugha. Mhubiri wa kundi dogo hawezi kutegemea mazoea ya wasikilizaji wake. Hulazimika kufafanua kila istilahi, kutabiri pingamizi, na kusema kwa ufasaha ambao hata mpinzani ataukubali. Kazi kubwa ya fani hiyo ilikuwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953, ambayo Amri Abedi alishiriki kuiandaa. Kabla yake ilikuwako tafsiri ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Tafsiri ya Waahmadiyya ilizua ubishi mkali, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, kwa kiasi fulani ilikuwa jibu kwake. Katikati ya miaka ya 1950 Amri Abedi alikwenda Rabwah, Pakistan, kwa masomo zaidi ya dini, kisha akarejea Tanganyika.

4.0 Sheria za Kutunga Mashairi

Kitabu cha 1954 kina sehemu mbili: maelezo ya kanuni, na diwani ya mtunzi mwenyewe. Katika sehemu ya kwanza Amri Abedi anauchukulia ushairi kuwa ni wimbo. Utungo usioimbika umepungukiwa na jambo la msingi. Kutokana na kauli hiyo hufuata hesabu ya mizani, mpangilio wa vina vya kati na vya mwisho, na mgawanyo wa ubeti katika mistari. Umbo linalopewa nafasi kubwa ni shairi la mistari minne lenye mizani 16 katika kila mstari, 8 kila upande. Utungo unaokosa kanuni hizo ni guni.

Uhakiki dhidi ya kitabu hiki unafahamika. Toka Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, imedaiwa kwamba kanuni za Amri Abedi zililigeuza umbo moja kuwa sheria ya maumbo yote. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alionyesha kwamba mapokeo ya pwani yenyewe yana bahari nyingi kuliko zinazoelezwa na kanuni hizo. Ukosoaji huu una msingi. Mtu anayeijua mavue, ukawafi au wimbo wa mistari mitatu ataona mara moja kwamba ramani ya Amri Abedi ni ndogo kuliko nchi.

Hata hivyo, swali la nani aliyekusudiwa kuisoma ramani hiyo huulizwa mara chache. Mshairi wa Lamu hakuihitaji. Aliyeihitaji ni mwalimu wa Kasulu au karani wa Kibondo, ambaye Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili na ambaye alitaka kuingia katika majibizano ya gazetini bila kudharauliwa. Kwa mtu huyo kanuni zilizoandikwa zilikuwa mlango. Zilimwonyesha kwamba sanaa iliyodhaniwa kuwa ya urithi wa damu ingeweza kufunzwa kama hesabu. Katika maana hiyo, kitabu ambacho baadaye kilionekana kuwafunga watunzi kilianza kwa kuwafungulia wengine. Gharama yake ilikuwa kwamba nyimbo za Kiha na za lugha nyingine za bara, zenye mapigo yasiyohesabiwa kwa mizani 16, hazikupewa nafasi katika mlango huo.

5.0 Njia ya Kuelekea Umeya

Mwaka 1953, kwa waraka wa serikali, watumishi wa umma walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. TANU ilipoundwa Julai 1954, Waafrika wengi waliosoma hawakuweza kuiongoza hadharani bila kupoteza mishahara yao. Nyerere mwenyewe aliacha ualimu Pugu mwaka 1955. Mazingira haya yaliwapa nafasi wale waliokuwa na elimu lakini hawakuajiriwa na serikali. Amri Abedi alikuwa mmoja wao. Kazi ya dini, iliyomtenga na njia ya kawaida ya wahitimu wa Tabora, ndiyo iliyomwacha huru.

Uhuru huo usingetosha pasipo ufasaha. TANU ilienezwa kwa mikutano ya hadhara na kwa lugha moja kutoka pwani hadi ziwani, na mashairi yalisomwa katika mikutano hiyo. Chama kilihitaji watu walioweza kuwasemesha wasikilizaji wa makabila mengi bila mkalimani. Wakati huo mjini Dar es Salaam kulikuwa na suala lingine nyeti. Mwaka 1959 kiliundwa chama cha AMNUT, kilichodai kwamba Waislamu walikuwa nyuma kielimu na kwamba uhuru usiharakishwe. Kwa TANU, kumweka sheikh msomi katika uongozi kulikuwa jibu la wazi. Hapo hapo palikuwa na hatari: sheikh huyo alikuwa Mwahmadiyya, na mji ulikuwa na Wasunni wengi.

Manispaa ya Dar es Salaam ilikuwa imeanzishwa mwaka 1949, na kiti cha meya kilikuwa kimekaliwa na Wazungu na Waasia. Mwaka 1960 madiwani walimchagua Amri Abedi, akiwa na umri wa miaka 36. Cheo cha meya hakikuwa na mamlaka makubwa ya utendaji, lakini kilikuwa na maana kubwa kwa macho ya wananchi. Mji uliogawanywa katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini sasa ulikuwa na mwenyekiti aliyetoka katika kundi lililokaa sehemu iliyopata huduma haba kuliko zote. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji. Kwamba mtu wa kundi dogo la dini aliweza kupokewa katika nafasi hiyo kunaonyesha kwamba, kwa muda huo, lugha na utaifa vilikuwa na nguvu ya kuunganisha kuliko mgawanyiko wa misikiti.

6.0 Bunge na Wizara

Bunge la kwanza la Tanganyika huru lilitokana na Baraza la Kutunga Sheria lililochaguliwa Agosti 1960, ambamo TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Lugha ya Baraza hilo ilikuwa Kiingereza. Desemba 1962, nchi ilipokuwa jamhuri, Rais Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, na suala la lugha ya utungaji sheria likawa la kitaifa. Amri Abedi alifanywa Waziri wa Sheria mwaka 1963, katika kipindi hicho hasa.

Mwaka huo ulikuwa wa mabadiliko makubwa. Mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaunganisha mabaraza ya wenyeji na mahakama za serikali katika mfumo mmoja, ambao ngazi yake ya chini ni Mahakama ya Mwanzo inayoendeshwa kwa Kiswahili. Katika Kasulu na Kibondo maana yake ilikuwa dhahiri: kesi iliyokuwa ikisikilizwa chini ya mamlaka ya Mwami sasa ilikwenda kwa hakimu aliyeteuliwa na serikali. Mlalamikaji alifikiri kwa Kiha, shauri liliandikwa kwa Kiswahili, na rufaa ikipanda juu ilikutana na Kiingereza. Katika kila kivuko haki ya mtu ingeweza kupotea kwa neno moja.

Amri Abedi alihimiza kazi ya kukusanya na kusanifu istilahi za sheria kwa Kiswahili. Maneno kama shahidi, dhamana, mdai na hukumu yalikuwako zamani. Kilichokosekana kilikuwa makubaliano kuhusu mipaka ya maana zake. Kazi hii haikutofautiana kimsingi na ile ya 1954. Katika zote mbili alichukua maarifa yaliyomilikiwa na wachache, akataka yaandikwe kwa kanuni ambazo mtu wa mbali angeweza kuzisoma na kuzidai. Hali kadhalika, alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, UKUTA. Mwaka 1964 alihamishiwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa, lakini hakudumu. Alifariki dunia Oktoba mwaka huo mjini Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40. Uchaguzi mkuu wa 1965 hakuuona.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Amri Abedi katika uongozi wa umma yalichukua takriban miaka minne, kutoka kiti cha meya hadi kifo chake. Muda huo ni mfupi mno kumpima kama mtawala. Alichoacha kinaonekana zaidi katika utaratibu wa lugha: kanuni za utunzi zinazobishaniwa hadi leo, na ari ya kuifanya sheria isemwe kwa lugha ya anayehukumiwa. Wapita njia mjini Arusha hulisoma jina lake katika uwanja wa michezo, mara nyingi bila kujua kwamba mwenye jina alikuwa mshairi.

Wahakiki wanaomlaumu kwa ugumu wa kanuni zake wana haki ya kufanya hivyo, lakini inafaa wakumbuke kwamba kanuni hizo ziliandikwa na mtu wa Ujiji kwa ajili ya watu wa bara. Kazi iliyobaki kwa watafiti ni kuchunguza yale ambayo mlango wake haukuyapokea, na hasa mapigo ya nyimbo za Buha. Wimbo unaoimbwa Kibondo bila kuhesabiwa mizani nao ni wimbo, na kwa kipimo chake mwenyewe, kwamba ushairi ni kile kinachoimbika, unastahili kusikilizwa.