Frederick Harris Goff

Frederick Harris Goff (Blackberry, Illinois, 15 Desemba 1858 – Cleveland, Ohio, 14 Machi 1923) alikuwa mwanasheria na mkuu wa benki nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa Cleveland Foundation, iliyoundwa tarehe 2 Januari 1914. Huo ulikuwa mfuko wa kwanza wa hisani wa jamii duniani, yaani mfuko wa kudumu unaokusanya michango na urithi wa watu wengi wa mji mmoja, kisha kutumia mapato yake kwa ruzuku na ufadhili wa masomo kwa faida ya mji huo.

Maisha ya awali

Goff alizaliwa katika jimbo la Illinois, na familia yake ilihamia Cleveland, mji wa bandari kwenye Ziwa Erie, alipokuwa bado mtoto. Wakati huo Cleveland ilikuwa inakua haraka kutokana na mafuta, chuma na usafiri wa meli. John D. Rockefeller alianzisha kampuni ya Standard Oil hapo mwaka 1870.

Goff alisoma katika Chuo Kikuu cha Michigan na kuhitimu mwaka 1881. Kisha alirudi Cleveland kujifunza sheria, na mwaka 1883 alikubaliwa kuwa wakili katika jimbo la Ohio. Mwaka 1894 alimwoa Frances Southworth.

Uwakili na siasa

Kwa muda wa miaka 25 hivi Goff alikuwa wakili wa makampuni, na alipata jina kama mtu wa kupatanisha wagombanao kabla hawajafika mahakamani. Mwaka 1903 alichaguliwa kuwa meya wa Glenville, mji mdogo uliokuwa kando ya Cleveland. Huko alipambana na kamari iliyokuwa ikichezwa kwenye uwanja wa mbio za farasi. Glenville iliunganishwa na Cleveland mwaka 1905.

Mnamo 1908 aliwakilisha kampuni ya reli za mjini katika mgogoro wake wa muda mrefu na meya wa Cleveland, Tom L. Johnson, aliyetaka nauli ya senti 3. Mazungumzo yao yalifanyika hadharani, wananchi wakisikiliza. Mwishowe wawili hao walikubaliana kwamba kila hisa ya kampuni ihesabiwe kuwa na thamani ya dola 55. Mpango uliofuata haukudumu, kwa sababu wapiga kura waliukataa mwaka huohuo, lakini Goff alitoka katika mgogoro huo akiwa anaaminiwa na pande zote mbili.

Mkuu wa Cleveland Trust

Mwaka huo wa 1908 Goff aliacha uwakili na kuwa rais wa Cleveland Trust Company, mojawapo ya benki kubwa za mji. Benki hiyo ilikuwa imehamia katika jengo jipya lenye kuba la vioo, kwenye kona ya barabara za Euclid na East 9th. Aliiongoza hadi kifo chake.

Sehemu ya kazi ya benki hiyo ilikuwa kutunza amana, yaani mali ambayo mtu anaikabidhi isimamiwe kwa niaba ya warithi wake au kwa kusudi fulani. Kwa njia hiyo Goff alisoma wasia nyingi za watu wenye mali, naye aliona kasoro iliyojirudia ndani yake.

Tatizo la mkono wa marehemu

Watu wengi waliotaka kuacha mali kwa ajili ya hisani walitaja kusudi moja tu na kulifunga kwa maneno makali ya sheria. Miaka ikapita, hali ikabadilika, lakini maneno ya wasia hayakubadilika. Mfano unaojulikana ni wa Bryan Mullanphy wa St. Louis, aliyefariki mwaka 1851. Aliacha theluthi moja ya mali yake kwa ajili ya kuwasaidia wasafiri maskini waliopitia mji huo wakielekea kuhamia magharibi. Reli zilipofika, misafara ya magari ya kukokotwa ilikwisha. Fedha zilibaki, ila watu wa kusaidiwa jinsi ilivyoandikwa wakawa wachache mno. Kuomba mahakama ibadilishe kusudi la wasia kulichukua muda mrefu na kugharimu fedha nyingi.

Wanasheria waliita hali hiyo mkono wa marehemu: mtu aliyekwisha kufa anaendelea kuongoza mali, ingawa hawezi kuona mahitaji ya walio hai. Goff aliamini kwamba ukarimu wa mtu usipotee kwa sababu tu hakuweza kujua mambo yajayo.

Kulikuwa na shida ya pili. Matajiri wakubwa waliweza kuunda taasisi zao wenyewe, kama Andrew Carnegie alivyofanya mwaka 1911 na Rockefeller mwaka 1913. Mtu wa kipato cha kati mwenye akiba ndogo hakuweza kumudu gharama za kuendesha taasisi ya peke yake.

Kuanzishwa kwa Cleveland Foundation

Jibu la Goff lilikuwa kuunganisha amana hizo, kubwa na ndogo, katika mfuko mmoja. Wakurugenzi wa Cleveland Trust walipitisha azimio la kuuanzisha tarehe 2 Januari 1914.

Muundo wake ulitenganisha kazi mbili. Benki ilitunza mtaji na kuuwekeza, lakini haikuamua peke yake fedha ziende wapi. Uamuzi huo ulikuwa wa kamati ya watu watano wakazi wa Cleveland. Wawili waliteuliwa na benki, mmoja na meya, mmoja na jaji wa mahakama ya mirathi, na mmoja na jaji wa mahakama ya shirikisho. Wenye vyeo vya kisiasa hawakuruhusiwa kuwemo, na wajumbe wa dhehebu moja la dini hawakupaswa kuzidi wawili.

Mtoaji aliweza kutaja kusudi lake, kwa mfano hospitali, yatima au masomo ya vijana. Lakini kusudi hilo likipitwa na wakati, kamati iliweza kuzielekeza fedha kwenye hitaji lingine. Asiyetaja kusudi aliiachia kamati ya kila kizazi ichague.

Tafiti za mji

Mwanzoni mfuko ulikuwa na ahadi nyingi na fedha kidogo, kwa kuwa michango mingi iliandikwa katika wasia za watu waliokuwa bado hai. Hata baada ya mtoaji kufariki, mara nyingi mapato yalimtunza kwanza mjane na watoto. Badala ya kusubiri, Goff alitaka mfuko uchunguze matatizo ya mji.

Utafiti wa shule za umma wa 1915–1916 uliongozwa na Leonard Ayres, na ripoti zake zilijaza vitabu 25. Ulionyesha udhaifu mwingi wa shule za Cleveland, na mwaka 1917 mji ulipata msimamizi mpya wa shule, Frank Spaulding.

Utafiti mwingine ulihusu mahakama na polisi. Mwaka 1920 jaji mkuu wa mahakama ya mji, William McGannon, alishtakiwa kwa mauaji. Aliachiwa, lakini baadaye alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Mfuko uliwaita wanasheria Roscoe Pound na Felix Frankfurter kuongoza uchunguzi, na ripoti yao ilitolewa mwaka 1922. Ilikuwa kati ya tafiti za kwanza za namna hiyo nchini Marekani.

Kuenea kwa wazo

Goff aliueleza mpango wake kwa wenye benki wa miji mingine, na mfano ukaigwa upesi. Chicago na Boston zilipata mifuko yao mwaka 1915, na Indianapolis mwaka 1916. Mwaka 1921 wazo lilivuka mpaka hadi Winnipeg, Kanada. New York ilifuata mwaka 1924.

Kifo na ukuaji wa mfuko

Goff alifariki mwaka 1923 akiwa na umri wa miaka 64, kabla ya mfuko wake kuwa na mali nyingi. Ukuaji mkubwa ulianza wasia zilipoanza kutimizwa, hasa ule wa Harry Coulby, mkuu wa meli za Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini aliyefariki mwaka 1929. Baadaye benki nyingine nazo ziliruhusiwa kutunza sehemu za mfuko. Hatua hiyo ilipunguza lawama kwamba hisani ya mji mzima ilikuwa mikononi mwa benki moja.

Katika miaka ya 1980 mfuko ulisaidia kuokoa majumba ya zamani ya maonyesho ya Playhouse Square. Ulipotimiza miaka 100, mwaka 2014, mali yake ilikuwa karibu dola bilioni 2. Hutoa ruzuku kwa shule, afya, sanaa na makazi, na ndani yake mna mifuko midogo iliyowekwa na familia kwa ajili ya kuwalipia wanafunzi masomo.

Urithi

Leo kuna mamia ya mifuko ya hisani ya jamii nchini Marekani na mingine mingi duniani. Katika Afrika Mashariki, Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, hutumia wazo hilohilo la kujenga mtaji wa kudumu kwa maendeleo ya jamii na elimu ya vijana.

Jengo la Cleveland Trust bado lipo, na tangu mwaka 2015 ndani yake kuna duka kubwa la vyakula. Benki yenyewe iliunganishwa na nyingine na jina lake likatoweka. Mfuko ulioanzishwa na wakurugenzi wake unaendelea kufanya kazi.