GRACE HOPPER: ALIYEIFUNZA KOMPYUTA LUGHA ZA WATU

Katika jarida kama hili tumezoea kusoma maisha ya washairi na wapigania uhuru. Mimi leo naomba nafasi niwasimulie maisha ya mwanamke wa Marekani ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta, lakini shida aliyopambana nayo ilikuwa ya lugha, kama sisi wana Chama cha Kiswahili.

Nilimjuaje? Dada yangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhandisi wa programu za kompyuta. Likizo iliyopita alirudi nyumbani uso umekunjamana. Alikuwa ameanguka mtihani wa somo liitwalo kompaila na lazima aurudie. Usiku tukiosha vyombo alininong'oneza ati anataka kuacha kozi. Mimi nikamwuliza, hiyo kompaila ni mnyama gani? Katika kunieleza ndipo akamtaja Grace Hopper. Ninayasimulia haya kwa ruhusa yake.

Grace alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele hufanyaje kazi. Akaifungua moja, ikamshinda kuirudisha. Akafungua ya pili aone ya kwanza ilikuwaje, kisha ya tatu, mpaka saa saba za nyumba nzima zikawa vipande vipande! Mama yake hakumkataza kabisa, ila alimwachia saa moja tu ya kuchezea.

Alipofika miaka kumi na sita, yaani umri wangu mimi, alitaka kuingia Chuo cha Vassar. Lakini wapi! Alianguka mtihani wa Kilatini, ikambidi angoje mwaka mzima. Hakulia akakaa. Aliingia mwaka uliofuata, na mwaka 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya uzamili mwaka 1930 na udaktari wa hisabati mwaka 1934. Wakati akisomea udaktari alikuwa pia mwalimu pale pale Vassar.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, Grace alitaka kuingia Jeshi la Wanamaji. Aliambiwa umri umempita, tena ni mwembamba mno. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Alipewa ruhusa maalum kuhusu uzito wake, akaapishwa Desemba 1943. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kwenye mashine iitwayo Mark I. Ilikuwa na urefu wa mita 15 na zaidi na uzito wa tani 5 hivi. Si mchezo! Ingewekwa darasani kwetu ingetoboa ukuta. Grace alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuiandikia mashine hiyo programu, kisha akaandika kitabu chake cha maelezo, kurasa zaidi ya 500, kilichotoka mwaka 1946.

Hapo Harvard ndipo palipotokea kisa cha mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine ya Mark II iligoma, mafundi wakakuta nondo amenaswa ndani ya swichi. Walimbandika kwenye daftari lao, na daftari hilo limehifadhiwa Marekani katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Wengi hudhani Grace ndiye aliyebuni desturi ya kuyaita makosa ya mashine wadudu. La hasha, mafundi walikuwa wakisema hivyo tangu zamani. Yeye alikieneza kisa kile tu.

Sasa tufike kwenye kompaila. Ndugu msomaji, kompyuta haijui Kiingereza wala Kiswahili. Inajua namba tu. Siku hizo mwandishi wa programu aliandika namba tupu, na kipande alichokihitaji tena alikinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzake. Mkono ukiteleza namba moja, kazi yote imeharibika. Grace, ambaye mwaka 1949 alikuwa amejiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly kule Philadelphia, aliona kuwa kunakili ni kazi inayoifaa mashine yenyewe. Vipande vile vikawekwa kwenye utepe, kila kimoja na namba yake ya kukiitia. Mtu akitaja namba, kompyuta hukitafuta kipande na kukiunganisha na vingine. Programu ya kufanya hivyo, iliyoitwa A-0, ilikuwa tayari mwaka 1952. Watu hawakuamini. Walimwambia kompyuta ni ya hesabu tu, haiwezi kujiandikia programu.

Hakuishia hapo. Alitaka karani wa mishahara aweze kuandika amri kwa maneno ya kawaida, na kompaila iyageuze yawe namba. Alisimulia mwenyewe kwamba aliwaonyesha wakubwa programu moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, halafu ile ile kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa walishtuka! Waliona ni jambo lisilowezekana, kompyuta iliyotengenezwa Marekani kuelewa lugha za kigeni. Hawakufahamu kwamba kwa mashine maneno yote ni alama tu, na kompaila ndiyo mkalimani. Dada aliponiambia hivyo nilipigwa na butwaa. Kumbe hata Kiswahili chetu kinaweza! Kinachohitajika ni mtu wa kukaa chini na kuiandika kompaila yake.

Lugha yake ya maneno ya Kiingereza iliitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wataalamu walipokutana kutengeneza lugha moja itakayotumika kwenye kompyuta za kampuni mbalimbali, waliitegemea sana. Grace alikuwa mmoja wa washauri wao. Lugha hiyo ni COBOL, na hadi leo ziko benki zinazoitumia.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966, likamwita tena mwaka 1967 kwa miezi sita. Miezi hiyo ilizaa miaka! Alistaafu kabisa mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha Rea Admirali. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili watu waone kwa macho muda usioonekana. Msomaji, chukua rula yako. Basi ndiyo huo.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992 akiwa na miaka 85, akazikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Mwaka 2016 alitunukiwa nishani ya juu ya raia wa Marekani, ingawa hakuwepo kuipokea.

Mimi jambo linalonikaa moyoni ni moja. Aliyeangushwa na Kilatini ndiye aliyekuja kuzipa mashine lugha. Nilimwambia dada hivyo, tukiwa bado jikoni. Hakunijibu, lakini asubuhi nilimkuta mezani na vitabu vyake, na likizo ilipokwisha alirudi chuoni. Mtihani ameshaurudia. Ninapoandika haya matokeo hayajatoka, na kila simu ikilia nyumbani sote tunageuka. Nami ninalo somo langu linaloniangusha. Walimu wangu wanalijua, sina haja ya kulitaja. Nimeanza kulifungua kama saa, kipande kwa kipande.

Hapa nakunja jamvi. Tukijaliwa, tuonane mwakani.