Friedrich Mohs: mwalimu aliyeyapa mawe nafasi

Wanachuo wenzangu, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha huku Mtama, fundi mmoja wa vyuma alinionyesha ncha ya keekee yenye rangi ya dhahabu. Akasema hiyo haiishi upesi. Kumbe ile rangi si urembo: ni tabaka jembamba la kauri liitwalo titani naitraidi, lililopakwa juu ya chuma cha pua. Ugumu wake unakaribia 9. Tisa ya nini sasa? Hapo ndipo anapoingia Mohs.

Friedrich Mohs alizaliwa mwaka 1773 huko Gernrode, Ujerumani ya leo. Alisoma Halle, kisha chuo cha madini cha Freiberg, akifundishwa na Abraham Gottlob Werner, na baadaye akafanya kazi mgodini. Mwaka 1802 alihamia Austria, akapewa kazi ya kutambua mawe ya tajiri mmoja wa benki mjini Vienna. Wataalamu wengi walitegemea kemia; yeye akaangalia umbo, uzito na ugumu.

Mwaka 1812, akiwa profesa huko Graz, alitoa kipimo chake. Hakihitaji mashine: jiwe linalokwaruza lingine ndilo gumu zaidi, basi. Alipanga madini kumi. Talki, ile ya poda ya watoto, ni 1. Jasi, inayochimbwa hata kwa jirani zetu Kilwa, ni 2, na ukucha unaikwaruza. Kwatzi ni 7, korandamu 9, almasi 10. Kinywe cha Ruangwa hakifiki hata 3, ingawa ni kaboni ileile ya almasi ya Mwadui!

Mwaka 1818 alishika nafasi ya mwalimu wake Werner kule Freiberg, na 1826 akarudi Vienna kufundisha. Alifariki mwaka 1839 akiwa safarini Agordo, Italia.

Ila kipimo chake kina kasoro: kinatoa nafasi, hakitoi alama. Almasi ya kwanza, korandamu ya pili, lakini almasi inaizidi korandamu karibu mara nne. Ndiyo maana wanaopaka kauri kwenye vifaa hubonyeza tabaka kwa ncha ya almasi, kwa nguvu inayojulikana, kisha hupima alama iliyobaki. Tena ugumu peke yake hautoshi. Almasi ukiigonga nyundo inapasuka. Kauri nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo hulazwa nyembamba juu ya chuma kinachohimili vishindo.

Shule niliyopangiwa haina maabara, basi nilimfuata Mohs: ukucha, msumari, vipande vya mawe. Darasa zima lilikwaruza, hata binti aliyelia wiki iliyotangulia kwa kuwa wa 12. Nilirudi kuangalia alama zake. Alipitwa na wa tano kwa alama tatu tu. Sisi tunaokwenda kuwa walimu, tukibandika nafasi ubaoni, tubandike na alama.