Doppler, mtoto wa fundi mawe

Msomaji wangu, simama kando ya barabara pale Nyamongo lori linapokuja likipiga honi mfululizo. Likikukaribia, sauti ni nyembamba. Likishakupita inakuwa nzito ghafla, ingawa dereva hajabadilisha kitu. Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni Christian Doppler, na jina lake huenda umeliona kwenye fomu ya kipimo.

Alizaliwa Salzburg, Austria, Novemba 29, 1803, katika ukoo wa mafundi wa kuchonga mawe. Mwili wake ulikuwa dhaifu, hivyo hakurithi nyundo ya baba, akaendelea na shule. (Ninyi wa machimboni mnajua kazi ya mawe inavyotesa mapafu.) Alisoma hisabati Vienna, akahangaika na ajira hadi mwaka 1835 akawa anajiandaa kuhamia Marekani, ndipo akapata kazi ya kufundisha Prague. Huko, mwaka 1842, alitoa hoja yake mbele ya wasikilizaji wachache. Alizungumzia mwanga wa nyota, damu hakuitaja. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot, aliyekuwa na shaka naye, aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na masikio ya wanamuziki waliosimama kando ya reli yakathibitisha hesabu ile. Doppler alifariki Venice Machi 17, 1853, akiwa na miaka 49, akiugua mapafu.

Sasa tuje kwa mwanao mwenye selimundu, ule ugonjwa ambao wengi wanauita sikoseli. Mishipa ya damu kichwani inaweza kusinyaa polepole, na damu inayopita pembamba hukimbia, kama maji kwenye mpira uliobanwa kwa kidole. Tunapaka jeli kwenye panja, mbele ya sikio, tunatuma mawimbi ya sauti na kusoma kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa, hata kama mtoto yuko uwanjani anacheza. Hapo huongezewa damu kwa ratiba, au hupewa haidroksiyurea, kama madaktari wa Bugando, Mwanza, walivyowatibu watoto wenye kasi iliyopanda.

Kipimo hakipo kila hospitali, kwa hiyo muulize daktari wa kliniki kuhusu rufaa. Hufanywa kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16. Lakini mdomo ukipinda au mkono ukilegea, usisubiri kipimo. Mkimbize hospitali saa ileile.

Hakuna sindano wala mionzi. Siku hiyo mtoto asiwe na homa, asilie, asisinzie, maana vyote hivyo hubadilisha kasi ya damu. Mimi huwaambia wazazi waje na hadithi ya kumsimulia.